Akidi ya Wasioonekana

Kama umepata kuketi katika chama cha mdahalo shuleni, unalijua neno akidi. Mwenyekiti huhesabu vichwa, na pasipo idadi iliyowekwa hakuna linaloamuliwa, hata kama waliohudhuria wana hekima ya kutosha. Leo nakuomba uje nami Mwanda, katika milima ya Taita, tuitazame akidi nyingine, ambayo hukutana ndani ya shina la mnyanya pasipo mwenyekiti wala viti.

Huko Mwanda mashamba yameegemea mlima ngazi juu ya ngazi, na maji ya mvua yapitayo kwa jirani wa juu hushukia kwa jirani wa chini. Udongo hung'ang'ania jembe, na jembe huazimwa. Mahali kama hapo, na popote panapolimwa viazi na nyanya katika nchi zetu, mnyauko ni adui wa kuogopwa. Mnyanya uliosimama vizuri asubuhi huinamisha majani adhuhuri, jioni hujiinua kidogo kana kwamba umepona, na baada ya siku chache hufa ungali kijani. Kata kipande cha shina lake, ukining'inize ndani ya bilauri ya maji safi, nawe utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikiteremka polepole. Hao ni bakteria kwa mamilioni, pamoja na ute wao. Mmarekani Erwin Smith aliwaeleza mwaka 1896, na leo jina lao vitabuni ni Ralstonia solanacearum.

Bakteria mmoja aingiapo katika mzizi hafanyi ubaya uonekanao. Angeutoa ute wake akiwa peke yake, ungekuwa kama tone la mate katika Ziwa Jipe. Kwa hiyo haupotezi. Hula, huogelea, hugawanyika, na husubiri. Walakini katika kusubiri huko hufanya jambo moja dogo. Protini iitwayo PhcB humtengenezea kemikali, ambayo wataalamu waliitambua mwaka 1997, nayo hutoka mwilini mwake ikaenea kama harufu. Protini nyingine, PhcS, imekaa katika utando wa mwili wake kama bawabu, ikinusa. Harufu ikiwa hafifu, bawabu huyo na msaidizi wake, PhcR, humzuia mkubwa wa nyumba, yaani protini PhcA, asifanye kazi. Bakteria wakifika kadiri ya milioni 10 katika sentimita moja ya ujazo, harufu huwa nzito, kizuizi hulegea, na PhcA hushika amri. Hapo jeni nyingi hubadili mwenendo kwa pamoja: kuogelea hupungua, ute humiminwa, mishipa ya maji huziba, na mmea hufa kwa kiu ilhali mizizi yake imo katika udongo wenye maji.

Nani aliyeua mmea huo? Bakteria wa kwanza angeweza kusema kwamba ute wake hauzibi hata mshipa mmoja. Wa milioni kumi angesema kwamba aliwakuta wenzake wamekwisha anza. Mtoe yeyote kati yao, mmea ungekufa vilevile. Kila mmoja ana utetezi wa kweli, na mmea umekufa.

Simshitaki bakteria, maana hana dhamiri. Nimemtaja kwa sababu utetezi wake nimeusikia kinywani mwa watu, na kinywani mwangu pia. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 nchini Kenya zilichomwa moto, na kazi ya namna hiyo aghalabu hutaka kundi. Kisa changu ni kidogo kuliko hicho. Nilipokuwa mwanafunzi, jioni moja bwalo zima liligonga sahani kumzomea mwalimu wa zamu, mzee mpole ambaye hakuhusika na upungufu wa chakula uliotukasirisha. Aliondoka ameinamisha kichwa. Nami niligonga. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba sahani yangu moja haikuongeza kelele, na hilo lilikuwa kweli. Lakini nakumbuka pia nilivyoanza: nilinyamaza, nikasikiliza, mpaka sahani zilipotosha.

Wapo wasemao kwamba hatia ya umati igawanywe, kila mtu achukue sehemu yake ndogo. Mimi sikubali, kwa maana hesabu hiyo inapima ute na kusahau harufu. Ute wa bakteria mmoja si kitu; harufu yake, kwa upande mwingine, imeingia katika idadi iliyowaamsha wengine. Sahani yangu haikumwumiza mzee yule kuliko zilivyomwumiza nyingine. Ilimwambia kijana aliyeketi kushoto kwangu kwamba sasa tumetosha. Mkulima auzaye debe moja la mbegu za viazi kutoka shamba lenye mnyauko yumo katika hesabu hiyohiyo.

Usidhani nalaumu wingi wenyewe. Kuna bakteria wa baharini ambao kwa kuhesabiana hivyo huwaka nuru, na mkono mmoja haukuyajenga matuta yote ya mlimani.

Jambo lililonishangaza zaidi ni hili. Katika chupa za maabara, baadhi ya bakteria wa mnyauko hupoteza PhcA kwa ajali ya jeni. Hawatoi ute mwingi tena, wala mmea hauwaogopi. Usiwasifu: hawakukataa, wamevunjika tu. Afadhali umtazame bakteria mwingine, waliyempata wataalamu udongoni, mwenye protini inayoivunja ile kemikali. Protini hiyo haiui bakteria wa mnyauko hata mmoja. Huifuta harufu, nao wakabaki kila mmoja akijiona yu peke yake.

Jioni ile bwaloni alikuwapo kijana mmoja aliyeigeuza sahani yake kifudifudi mezani, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mimi simo." Meza yake ilinyamaza, kisha meza ya pili. Yetu ilikuwa mbali, karibu na mlango. Sisi tuliendelea.