Zizi Lilikuwa Hapo Kabla Yako

Maandiko: Mithali 14:4, Kutoka 23:4-5



Sulemani aliishi ikulu, lakini mambo ya zizi aliyajua. Kwa maneno yangu, anatuambia hivi: ukitaka zizi lisilo na uchafu, ondoa ng'ombe. Ila jua umeondoa na faida.

Hali yetu hapa Kiambu mnaijua. Kahawa inang'olewa, mashamba yanakatwa ploti. Kule Ruiru, Tatu City imesimama palipokuwa kahawa tupu. Mtu anachoka na kelele za Nairobi, ananunua 50 kwa 100 na kujenga nyumba nzuri, Mungu ametenda. Alipoletwa na broka kuona ploti ilikuwa mchana, upepo umetulia. (Broka hakuleti jioni!) Mwezi wa pili ndio anagundua upepo unapitia kwa nguruwe wa jirani, na jogoo anawika saa kumi alfajiri. Basi kundi la WhatsApp linaundwa, barua inaandikwa kwa chifu, NEMA inatajwa.

Sisemi usilalamike. Kinyesi kikitiririka mtoni, hilo si suala la pua yako, ni maji ya watu. Ripoti. Lakini harufu ya kawaida ya ng'ombe anayelishwa vizuri ni kazi ya mtu. Wewe umejenga kando ya ofisi yake.

Nilisomea biashara, kwa hivyo niruhusuni nipige hesabu kidogo. Ng'ombe hana likizo. Anakamwa asubuhi na jioni, hata Krismasi. Anabeba mimba miezi 9, na muda huo wote anakula. Mama mwenye ng'ombe wawili nyuma ya nyumba amesomesha watoto kwa maziwa hayo. Ukimfungia zizi, hawezi kusimamisha biashara leo na kuifungua mwaka ujao. Atauza mifugo, halafu atauza shamba, na mnunuzi wa kwanza kupiga simu ni yule broka. Maziwa utayanunua kwa pakiti dukani, na bei hutapangiwa na jirani.

Linaloniuma zaidi ni kwamba aliyeandika barua na aliyeandikiwa wote wanashiriki Meza ya Bwana hapa. Wanapokea mkate mmoja, kisha getini hawasalimiani. Kutoka 23 inaagiza ukimkuta ng'ombe wa adui yako amepotea, umrudishe kwake. Wa adui! Sasa huyu wa mshirika mwenzako amekula maua mawili, tayari unataka polisi?

Nanyi wafugaji na wakulima, msipige makofi sana. Usipulize dawa upepo ukielekea dirishani kwa watu wenye mtoto mchanga. Siku ya kutandaza mbolea, mwambie jirani mapema aanue nguo. Akiwa na wageni wa ruracio Jumamosi, mbolea ingoje Jumatatu, haitaoza zaidi. Na mwenye ploti, mbwa wako afungwe. Akiua mbuzi wa mtu, lipa bila kuitwa kwa mzee wa kijiji.

Jumapili hii, baada ya ibada ya pili, wenye ploti na wenye mifugo tubaki nyuma kidogo. Mwenye barua ambayo haijafika kwa chifu aje nayo. Chai itakuwepo, na maziwa yanatoka kwa yule mama.