Beseni Moja, Wanafunzi Wawili

Soma kwa ajili ya somo hili: Yohana 13:1–30; Luka 22:1–6, 24–27; Mathayo 5:23, 24; Luka 19:1–10; Wagalatia 2:11–14; 1 Petro 5:1–5.

Fungu la kukariri: Yohana 13:14.

Katika makanisa mengi ya Waadventista Wasabato, Meza ya Bwana huandaliwa mara moja kila robo ya mwaka, na kabla ya mkate na mzao wa mzabibu huja huduma ya kutawadhana. Wanaume huelekea upande mmoja, wanawake upande mwingine. Mashemasi wamekwisha kupanga mabeseni, maji na taulo. Kisha hutokea jambo lisiloandikwa katika utaratibu wa ibada, ingawa kila mshiriki wa siku nyingi analijua: watu huanza kutafutana kwa macho. Rafiki humtafuta rafiki, mwanakwaya humtafuta mwanakwaya mwenzake. Wawili wenye ugomvi wa mpaka wa shamba, au wa deni lisilolipwa, huketi pembe mbili za chumba, na kila mmoja hutawadhwa na mtu asiye na neno naye. Wapo pia ambao tangazo la Meza ya Bwana likitolewa, Sabato hiyo hawaonekani. Huonekana Sabato inayofuata.

Wasiofika si lazima wawe watu wa kudharau ibada. Wengi wao huiheshimu mno. Husema moyoni kwamba si haki kushika miguu ya ndugu huku kifua kimejaa uchungu, na kwamba afadhali kukosa kuliko kuwa mnafiki. Hapo ndipo penye swali la somo hili. Je, Mkristo asubiri moyo usafike ndipo apige magoti, au apige magoti ili moyo usafike?

Usiku ule wa chumba cha juu

Soma Yohana 13:1–11 pamoja na Luka 22:24–27. Ni watu wa namna gani waliotawadhwa usiku ule?

Luka anaonyesha kwamba mitume walikaa mezani wakibishana ni nani aliye mkubwa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amejiandaa kwa unyenyekevu. Kama Yesu angesubiri mioyo iwe tayari, beseni lingebaki kavu. Yeye alianza na tendo, na maelezo yakafuata baadaye. Petro alipokataa, aliambiwa kwamba maana ya jambo lile ataifahamu mbele ya safari (Yohana 13:7). Kwa hiyo Petro alitawadhwa kabla ya kuelewa.

Lakini miguu ya Yuda nayo ilioshwa. Yohana anaeleza wazi kwamba Yesu alimjua atakayemsaliti, tena kwamba Yuda alitoka nje baada ya kupokea tonge (mafungu ya 11 na 30). Maji yalikuwa yale yale, beseni lile lile, mikono ile ile. Mmoja alikua akawa mchungaji wa kundi. Mwingine alitoka, na kulikuwa usiku. Ni dhahiri basi kwamba tendo lenyewe halina nguvu ya kumgeuza mtu asiyetaka. Kutawadhana si dawa inayofanya kazi hata mgonjwa akiwa amelala.

Tofauti ya wale wawili ilikuwa nini? Haikuwa hisia. Petro alikuwa na kiburi na kelele, wala hakuelewa lolote. Kwa habari ya Yuda, Injili hazitaji neno lolote alilosema alipotawadhwa. Tofauti imo katika Luka 22:3–6: kabla ya karamu, Yuda alikuwa amekwisha kwenda kwa wakuu wa makuhani na kukubaliana nao juu ya fedha. Alinyoosha miguu yake mbele ya Bwana huku akiwa na mapatano ambayo hakukusudia kuyavunja. Petro alikuwa na udhaifu, lakini hakuwa na mapatano ya siri.

Hili linasaidia kujibu hofu ya unafiki. Mnafiki si mtu ambaye moyo wake bado unapigana vita. Mnafiki ni yule anayetaka kuonekana hivi huku amekwisha kuamua kuwa vile. Mshiriki anayepiga magoti akiwa na uchungu, naye anamwomba Mungu auondoe, ni mtu mkweli. Anayepiga magoti akiwa amekusudia kutolirudisha shamba la mwenzake, huyo ndiye anayepaswa kutetemeka.

Swali lililozungumzwa karne nyingi

Kanisa limelijadili jambo hili tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya nne, mkutano wa Elvira nchini Hispania uliwakataza makasisi kuwatawadha miguu waliobatizwa. Baadaye katika karne ile ile, Ambrosi, askofu wa Milano, aliwatawadha wabatizwa wapya, ingawa alijua kwamba kanisa la Roma halikuwa na desturi hiyo. Kwake tendo hili halikuwa somo la unyenyekevu peke yake. Aliliona kuwa na sehemu katika kutakaswa kwa mwamini.

Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alipofafanua Yohana 13 alikutana na watu waliosema kwamba inatosha kutawadhana kwa moyo. Hakuwalaumu. Alikubali kwamba mtakatifu anaweza kufanya kwa moyo lile asilolifanya kwa mikono. Lakini alishikilia kwamba ni bora zaidi mikono nayo ishiriki, kwa sababu mwili unapoinama miguuni pa ndugu, unyenyekevu huamshwa ndani ya moyo, au kama ulikuwamo tayari, huimarishwa. Hoja yake ina uzito hata leo. Mwanadamu hakuumbwa roho ielee peke yake. Goti likiinama, moyo nao husikia.

Desturi hii haikufa. Wamenoni wa Uholanzi, katika ungamo lao la Dordrecht la mwaka 1632, waliweka kutawadhana miongoni mwa maagizo ya Bwana. Kwingine umbo lilibadilika. Wafalme wa Uingereza walikuwa wakiosha miguu ya maskini siku ya Alhamisi kabla ya Pasaka; leo mtawala hugawa sarafu maalumu kwa wazee, wala miguu haioshwi. Sadaka imebaki, kuinama kumeondoka.

Waasisi wa Uadventista nao walilipokea agizo hili katikati ya mabishano. Baada ya kukata tamaa kwa Oktoba 22, 1844, baadhi ya vikundi vilivyomngojea Bwana vilianza kutawadhana. Mkutano wa Albany, New York, Aprili 1845, ulikataa kutawadhana kwa wanaume na wanawake waliochanganyika, ukiona ni ushupavu. Ellen G. White alilitetea agizo lenyewe, na wakati huo huo akafundisha kwamba lifanywe kwa utaratibu. Hivyo kundi dogo lililoaibishwa mbele ya majirani lilijifunza kushika agizo bila kushika ushupavu. Huko nako ni kukua: kupokea, kupima kwa Maandiko, kurekebishwa, kisha kuendelea.

Umbo bila moyo

Historia pia inaonya. Aprili 1994 nchini Rwanda, watu waliokuwa wakiabudu pamoja waligawanyika, wengine wakawa wauaji na wengine wakauawa. Hakuna kanisa kubwa nchini humo lililosalimika na aibu hiyo, wala Waadventista hawakusalimika. Mugonero, mahali palipokuwa na kanisa na hospitali ya Waadventista, maelfu ya Watutsi walikimbilia humo. Walishambuliwa Aprili 16, siku ya Sabato. Mwaka 2003, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mchungaji mmoja wa Kiadventista kwa sehemu yake katika maovu yale.

Siku zile zile, Carl Wilkens, aliyeongoza shirika la ADRA nchini Rwanda, alikataa kuondoka Kigali wageni wengine walipohamishwa, akasaidia kuokoa watoto yatima waliokuwa hatarini. Kanisa moja, fundisho moja, meza moja. Tena ni beseni moja na wanafunzi wawili.

Haifai kulisoma jambo hili kama habari ya nchi jirani. Chuki haikuzaliwa Aprili. Ilikuwapo katika mazungumzo ya nyumbani, katika majina watu waliyoitana, katika kuchagua nani aketi na nani. Ibada isiyomfikisha mtu kwa yule anayemkwepa inaweza kuendelea robo baada ya robo bila kugusa mahali palipooza.

Nani apige magoti, na mbele ya nani?

Soma Mathayo 5:23, 24 na Luka 19:1–10. Ni nani anayetakiwa kuanza safari ya upatanisho?

Katika Mathayo, anayeambiwa aiache sadaka na kwenda ni yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake. Mzigo wa kwanza umewekwa juu ya mkosaji. Zakayo alilielewa hili. Hakumwonyesha Yesu machozi tu. Alitaja mali atakayorudisha, na kwa kiwango gani. Kwa hiyo anayedaiwa asilifanye beseni kuwa mahali pa kulipia deni. Maji hayalipi deni, wala hayarudishi jiwe la mpaka mahali pake. Alipe, au aende aseme ni lini na kwa namna gani atalipa, ndipo apige magoti.

Kwa sababu hiyo hiyo, wazee wa kanisa wasimlazimishe aliyeumizwa. Mjane aliyenyang'anywa kiwanja, au mama anayepigwa nyumbani, hapaswi kuambiwa kwamba ukuaji wake wa kiroho unapimwa kwa jinsi anavyonyamaza. Yesu alimtawadha Yuda mwenyewe, kwa hiari yake. Hakumwamuru Petro afanye hivyo. Msamaha ni zawadi, na zawadi hainyang'anywi mkononi mwa mtoaji.

Lakini kwa ugomvi wa kawaida, ule wa maneno, wa vyeo, wa kwaya na vikao vya baraza, ambao pande zote mbili zina lawama, kusubiri moyo upoe ni kusubiri bure. Moto uliofunikwa na majivu haujazimika. Afadhali mmoja avuke chumba. Huenda mikono itatetemeka na maneno yakawa machache. Huenda mwenzake akakataa, na hilo nalo atakuwa amelibeba kama Bwana wake alivyolibeba.

Asitazamie, hata hivyo, kwamba siku moja itamaliza yote. Petro aliyetawadhwa na Kristo mwenyewe alikana usiku ule ule. Miaka ikapita, akafika Antiokia, na kwa kuwaogopa watu akajitenga na meza ya ndugu wa Mataifa, hata Paulo akamkemea mbele ya wote. Kumbe bado alikuwa akijifunza ni nani anayestahili kuketi karibu naye. Lakini katika waraka wake wa kwanza, akiwaandikia wazee wa kanisa na vijana, anawaagiza wajifunge unyenyekevu kama mtu ajifungavyo nguo. Msomaji anayekumbuka Yohana 13:4 ataona kitambaa kilichofungwa kiunoni usiku ule. Jambo aliloambiwa kwamba atalifahamu baadaye, sasa amelifahamu, na anawafundisha wengine.

Maswali ya Kujadili

1. Yuda na Petro walitawadhwa na Bwana yule yule. Kabla ya Meza ya Bwana, mtu anawezaje kutambua kama alicho nacho ni udhaifu wa Petro au mapatano ya Yuda?

2. Jadilini hoja ya Augustino kwamba kuinama kwa mwili huamsha unyenyekevu wa moyo. Ni wapi hoja hiyo ni kweli, na ni wapi inaweza kumdanganya mtu?

3. Katika kanisa lenu, ni watu gani ambao kwa kawaida hawatawadhani? Je, sababu ni ukoo, kabila, elimu, cheo au ugomvi? Msitaje majina. Kundi lenu linaweza kufanya nini kabla ya robo kwisha?

4. Baraza la kanisa limwendeeje mshiriki anayekosekana kila Sabato ya Meza ya Bwana, bila kumwaibisha wala kumwacha apotee?