Mzima ni Nani? Maana ya Afya na Kipimo Chake

Watu wakutanapo njiani asubuhi huulizana, "Hujambo?" Naye aliyeulizwa hujibu, "Sijambo." Salamu hiyo yatumika kila siku, hata maana yake imesahauliwa. Mwenye kuuliza ataka kujua kama mwenzake hana jambo, yaani hakupatwa na lolote; na mwenye kujibu asema kwamba hana. Lakini iko salamu ya pili: "U mzima?" Hiyo haiulizi lile lisilokuwako. Yauliza lililoko: je, mtu huyu ni kamili, kama chungu kisicho na ufa? Salamu hizi mbili hutolewa kwa kinywa kimoja, lakini zabeba mafundisho mawili yasiyolingana. Kwa ile ya kwanza, afya ni kukosa ugonjwa. Kwa ile ya pili, afya ni ukamilifu.

Swali hili si la wenye elimu kubwa tu. Mzazi akatapo shauri la kumpeleka mtoto kwa mganga wa hospitali au kungoja, mwalimu amwambiapo mwanafunzi abaki nyumbani, wazee wasemapo kwamba msichana huyu afaa kuolewa na yule hafai, wote wamekwisha kulijibu, hata kama hawakulifikiri. Tena jibu baya laweza kumwua mtu, na jibu baya la namna nyingine laweza kumtupa mtu aliye hai. Kwa hiyo yafaa majibu yote yapimwe moja moja.

1. Je, afya ni kutosikia maumivu?

Mpasuaji Mfaransa René Leriche aliandika mwaka 1936 kwamba mtu mwenye afya haletewi habari za viungo vyake: tumbo, moyo na mifupa hufanya kazi, navyo havisemi neno. Watu wengi vijijini wangemkubali. Mtu asiyeumwa, anayekula na kulima, atamwitaje mganga?

Lakini na ufikiriwe ugonjwa wa malale. Nzi aitwaye mbung'o humwuma mtu, na vijidudu huingia katika damu na tezi zake. Kwa namna ya malale iliyoenea Kongo, mtu aweza kukaa miezi mingi, pengine miaka, bila dalili kubwa. Avua samaki, acheza ngoma, asema, "Sijambo," wala hasemi uongo. Baadaye vijidudu huingia ubongoni. Ndipo usingizi na akili yake huharibika, naye asipotibiwa, kwa kawaida hufa. Ndiyo sababu vikundi vya waganga vimezunguka vijijini tangu zamani, vikipapasa tezi za shingo na kutoboa vidole kupata damu, hata kwa watu wanaojiona wenye nguvu. Kongo ndiyo nchi iliyokuwa na wagonjwa wa malale wengi kuliko nchi zote nyingine. Katika Afrika nzima hesabu ya wagonjwa wapya ilishuka chini ya 10,000 mwaka 2009, na chini ya 1,000 mwaka 2018. Kazi hiyo isingewezekana kama wenye kupima wangeridhika na neno "Sijambo." Leriche mwenyewe alijua ya kuwa kimya cha viungo chaweza kudanganya.

Basi jibu la kwanza halitoshi. Mtu ni shahidi wa mwili wake, lakini hayaoni yote yaliyomo.

2. Je, afya ni hesabu?

Wengine husema: kwa kuwa mtu aweza kudanganyika, na tuviulize vyombo. Mizani haina woga, na kipimajoto hakina aibu. Neno hilo lina kweli ndani yake. Daktari Mjerumani Carl Wunderlich alipotoa kitabu chake juu ya joto la mwili mwaka 1868, waganga walijifunza kutambua homa kwa hesabu, si kwa kugusa kipaji cha uso tu. Hata hivyo ile digrii 37 aliyoitaja si amri kwa watu wote. Joto la mtu mzima wa afya hubadilika kwa saa, na kwa umri wake pia.

Mfano wa pili watoka Ubelgiji. Adolphe Quetelet, aliyezaliwa Gent mwaka 1796, alikuwa mtaalamu wa nyota na wa hesabu. Aliona kwamba uzito wa watu wazima huongezeka pamoja na urefu wao uliozidishwa kwa wenyewe. Hata leo waganga hugawanya uzito kwa njia hiyo ili kujua kama mtu ni mwembamba mno au mnene mno. Lakini Quetelet hakuwa akitafuta wagonjwa. Alikuwa akitafuta mtu wa kati, yaani yule ambaye angepatikana kama watu wote wangechanganywa na kugawanywa sawasawa. Na mtu wa kati si lazima awe mtu mwenye afya. Katika kijiji ambamo watoto wengi wana minyoo na upungufu wa damu, mtoto wa kati ni mgonjwa. Desturi ya wengi haigeuzi ubaya kuwa wema, wala ugonjwa wa wengi haugeuki kuwa afya.

Tena hesabu yenyewe yaweza kusema uongo. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams alieleza ugonjwa wa watoto aliouona katika nchi iitwayo leo Ghana, na baadaye akautaja kwa jina la wenyeji, kwashiorkor. Ugonjwa huu wajulikana sana Kongo pia. Mtoto aliyeachishwa ziwa hulishwa uji wa mhogo mtupu. Miguu yake huvimba, uso hujaa, nywele hupoteza rangi yake. Mama humtazama, amwona amenenepa. Wakimweka katika mizani, maji yaliyomo mwilini huongeza uzito, na mizani husema yu salama. Kumbe yu karibu na kufa! Kwa hiyo mwuguzi mwenye busara habaki na mizani tu. Huzungusha utepe katika mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 mpaka 59. Ukionyesha chini ya milimita 115, hatari ni kubwa. Kisha hubonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba, aone kama shimo labaki. Shimo likibaki, mizani imeshindwa hata kabla ya kusomwa.

Basi kipimo nacho ni shahidi tu. Hakimu ni yule awasikilizaye mashahidi wote, na kuuliza kila mmoja ameona nini na hakuona nini.

3. Je, afya ni ukamilifu?

Baada ya vita vya mwaka 1939 hata 1945, wajumbe wa mataifa walikutana New York, na mwaka 1946 wakatia sahihi katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948. Ndani yake walikataa kusema kwamba afya ni kukosa ugonjwa tu. Walifundisha kwamba afya ni hali njema iliyo kamili, ya mwili, ya akili na ya maisha pamoja na wenzake. Fundisho hili lilifanya kazi njema sana. Mtu mwenye huzuni isiyokwisha, mjane aliyefukuzwa shambani, mtoto asiye na wa kumlea, wote waliingia katika hesabu ya wale wanaostahili kuangaliwa.

Lakini neno moja lina uzito mno, nalo ni "kamili." Ni nani aliye kamili kwa mwili, kwa akili na kwa jamaa zake, tangu asubuhi hata jioni? Mwenye kufiwa jana si kamili. Mzee asiyeona mbali si kamili. Kwa kipimo hicho kijiji kizima chaitwa kigonjwa, na neno "mgonjwa" lapoteza maana yake.

Katika nchi ya Kwango uko ugonjwa uitwao konzo, ulioelezwa na daktari Trolli mwaka 1938. Jina hilo, katika lugha ya Wayaka, lakumbusha miguu iliyofungwa. Huwapata hasa watoto na wanawake walao mhogo mchungu usioloweshwa siku za kutosha, tena bila samaki wala maharagi ya kuupa mwili nguvu ya kuishinda sumu. Ghafula miguu hukakamaa. Ugonjwa hauendelei tena, lakini miguu haiponi. Na afikiriwe mwanamke aliyepatwa na konzo alipokuwa msichana. Leo atembea kwa fimbo, alima bustani akiwa ameketi, alea watoto, na majirani humwendea kwa shauri. Kwa neno "kamili," mwanamke huyu hatakuwa na afya hata siku ya kufa kwake. Wako wanaosema hivyo, na kwa sababu hiyo humnyima mume, au kiti katika baraza. Wahenga walisema, "Hujafa hujaumbika." Anayemcheka kilema hajui mwili wake utakuwaje kesho.

4. Afya kama nguvu ya kuinuka

Mwanafalsafa na daktari Mfaransa Georges Canguilhem, katika kitabu chake cha mwaka 1943, alionyesha njia nyingine. Kwake, mwenye afya si yule asiyeugua kamwe. Ni yule awezaye kuugua akainuka, na mambo yakigeuka aweza kujipatia namna mpya ya kuishi. Mwaka 2011 daktari Mholanzi Machteld Huber na wenzake walitoa shauri la namna hiyo: afya itazamwe kama uwezo wa kukabili mabadiliko na kujiongoza.

Jibu hili na lijaribiwe kwa mifano ileile. Mwenye malale asiyesikia maumivu hana afya, kwa maana ndani yake kuna kitu kitakachomnyang'anya uwezo wote. Mtoto aliyevimba hana afya, kwa maana kuhara kidogo tu kwaweza kumchukua, hana akiba. Lakini mwanamke wa fimbo ana afya kweli, ingawa miguu yake ni mibovu. Jibu la nne lawapokea mashahidi wote watatu bila kumdharau hata mmoja.

Hata hivyo liko pingamizi kubwa. Je, mwenye nguvu hataweza kusema, "Maskini wamezoea, wanajiongoza vizuri, waacheni"? Ataweza, ikiwa asahau kwamba uwezo wa mtu mmoja watoka kwa wengi. Mwanamke yule hakujifungia miguu. Penye njaa, au haja ya kuuza mihogo upesi sokoni, siku za kulowesha hupunguzwa, na sumu hubaki katika unga. Kwa hiyo anayetaka kupima afya ya kijiji asihesabu vitanda na chupa za dawa tu. Aulize mihogo hulala majini siku ngapi, kisima kiko umbali gani, watoto wangapi hufa kabla ya kutimiza miaka 5, na ni nani mwenye kula samaki nyumbani samaki akipatikana.

Limebaki onyo moja. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitangaza hesabu iunganishayo miaka iliyopotea kwa kifo cha mapema na miaka iliyoishiwa katika ulemavu. Hesabu hiyo yasaidia kujua magonjwa gani yawaangusha wengi. Lakini yeyote akisoma humo kwamba mwaka wa kiwete wapungua thamani kuliko mwaka wa mwingine, amechanganya mambo mawili. Kipimo cha afya hupima mzigo alio nao mtu. Hakipimi mtu mwenyewe, wala hakuna chombo kiwezacho kumpima hivyo.

Basi, msomaji, anayeulizwa kama fulani ni mzima asijibu upesi. Na amsikilize mwenyewe asemavyo; na apokee kile ambacho damu, utepe na mizani vyaonyesha; na atazame kama mtu huyo aweza kuinuka, na kama majirani wamemwachia mahali pa kuinukia. Akiisha kufanya hayo, salamu ya "U mzima?" itamdai kazi: ampeleke mwenziwe kwa mganga, au amsogezee kiti barazani.