Gavana Asiyetaka Naibu

Mnamo Agosti 2017 mpiga kura wa mtaa wa Woodley, Nairobi, alipewa karatasi sita: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mwakilishi wa wanawake, ya mbunge wa Kibra na ya mwakilishi wa wadi ya Woodley/Kenyatta Golf Course. Akatoka kituoni na wino kidoleni, akijua amepigia kura watu sita. Kwa hesabu ya Katiba walikuwa wanane. Rais alikuja na naibu wake, gavana naye akaja na wake, na hawa wawili wa ziada hawakuwa na karatasi yao.

Naibu wa rais anajulikana na kila mtu. Kisa hiki ni cha yule wa nane.

Mike Sonko, aliyeshinda ugavana wa Nairobi mwaka huo, alikuwa mtu wa mitaa. Kule Kibra hakuhitaji kutambulishwa. Upande wa Ngong Road, kuanzia Adams Arcade hadi barabara ya Joseph Kang'ethe, wengi walikuwa na mashaka na cheni zake za dhahabu na makeke yake, na kwao jina lililotumika kutuliza roho lilikuwa la Polycarp Igathe. Huyu alikuwa meneja, aliyewahi kuiongoza Vivo Energy Kenya, kampuni inayouza mafuta ya Shell. Maneno ya kampeni yalikuwa mepesi kueleweka: mmoja atashika watu, mwingine atashika kazi.

Tarehe 12 Januari 2018, Igathe alitangaza kupitia Twitter kwamba angejiuzulu mwisho wa mwezi, kwa kuwa ameshindwa kupata imani ya gavana. Tangu waapishwe haikuwa imetimia miezi mitano.

Naibu gavana ana cheo cha ajabu kidogo. Kifungu cha 180 cha Katiba kinamtaka kila mgombea ugavana ateue mgombea mwenza, na akishinda, mwenzake anatangazwa amechaguliwa bila kura ya peke yake. Kifungu cha 179 kinamfanya mkuu wa pili wa serikali ya kaunti. Hadi hapo cheo kinapendeza. Ukifungua Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 32, utaona kilivyo kitupu: naibu atamshikia gavana nafasi anapokosekana, na gavana akipenda atampa idara ya kusimamia. Asipopenda, basi. Na hata anapokaimu, naibu haruhusiwi kuteua wala kumfuta mtu kazi. Kwa upande mwingine, gavana hana uwezo wa kumfukuza. Mpaka Bunge la Kaunti limshtaki na Seneti ikubali, kama ilivyompata Robert Monda wa Kisii mwaka 2024. Kwa hiyo gavana anaishi na mtu asiyeweza kumwondoa na asiyelazimika kumpa kazi. Haishangazi kwamba manaibu wengi wamelalamika kuwa wamefanywa wasichana wa maua kwenye harusi ya mwenzao.

Enzi za Halmashauri ya Jiji mambo yalikwenda vingine. Meya na naibu wake walichaguliwa na madiwani, na naibu meya mwenyewe alikuwa diwani mwenye watu waliomtuma. Akinuniwa na meya, alikuwa na pa kurudi. Naibu gavana hana wadi. Jonathan Mueke, wa kwanza kushika cheo hicho Nairobi, alikaa na Evans Kidero kuanzia 2013 hadi 2017 bila vurumai kubwa, na labda ndiyo sababu wengi mitaani hawalikumbuki jina lake.

Igathe alipoondoka, lilijitokeza pengo ambalo waandishi wa Katiba hawakuliziba. Walieleza kwa kina gavana akifa, akijiuzulu au akiondolewa: naibu anachukua usukani hadi muhula uishe. Walieleza hata wote wawili wakikosekana: spika wa Bunge la Kaunti anakaimu, na uchaguzi mdogo unafanywa ndani ya siku 60. Naibu akiondoka peke yake, Katiba imenyamaza. Ushauri ulitolewa na Mahakama ya Juu mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 2018, kufuatia swali lililoletwa na spika wa Bunge la Kaunti ya Embu. Majaji walisema gavana ateue mtu ndani ya siku 14, na bunge lipige kura ndani ya siku 60.

Kipimo kikawepo. Nairobi haikukifuata.

Siku 14 zilipita, miezi ikapita. Mwezi Mei, Sonko akampendekeza Miguna Miguna, wakili ambaye serikali ilikuwa imemfurusha hadi Kanada na ambaye uraia wake ulikuwa ukigombaniwa mahakamani. Spika Beatrice Elachi alilikataa jina hilo. Sidhani kuna aliyeshtuka. Wachambuzi wengi wa wakati ule waliona ujanja ndani yake, na mimi nakubaliana nao: maadamu hakuna naibu, kumwondoa gavana ni kulitumbukiza jiji kuu katika uchaguzi mdogo, jambo ambalo wakubwa hawakulitaka, na kama naibu angekuwa Miguna, wakubwa haohao wasingelitaka kabisa. Kiti kitupu kikawa kinga. Bunge la Kaunti lingeweza kupiga kelele hadi kieleweke. Halikupiga za kutosha. Nasi wapiga kura hatukuandamana kwa ajili ya cheo ambacho hatukujua kinafanya nini.

Kinga hiyo ilidumu chini ya miaka miwili.

Julai 2019 Mahakama Kuu, katika kesi ya gavana wa Samburu, ilisema kwamba gavana anayeshtakiwa kwa ufisadi hapaswi kuendelea kuketi katika ofisi ileile anayodaiwa kuifuja. Mwezi huohuo mkasa ukafika Kiambu, mlangoni mwa Nairobi: Ferdinand Waititu alipozuiwa kuingia ofisini, naibu wake James Nyoro alikuwepo, akashika kazi, na Waititu alipoondolewa Januari 2020 Nyoro akawa gavana. Unaweza kumpenda Nyoro au usimpende, lakini Kiambu haikukosa mwenye kalamu.

Sonko alikamatwa Voi tarehe 6 Desemba 2019. Alikana mashtaka, na baadhi ya kesi zake za ufisadi zilikuja kuanguka mahakamani baadaye. Siku zile, hata hivyo, hakimu alimwachilia kwa dhamana ya shilingi milioni 15, kwa sharti kwamba asitie mguu ofisini. Jiji lililohesabiwa watu 4,397,073 katika sensa ya mwaka huohuo likabaki na gavana asiyeruhusiwa kuingia City Hall, na bila naibu wa kuingia kwa niaba yake. Hapo ndipo Sonko alipokumbuka kiti. Tarehe 6 Januari 2020 alimpendekeza Anne Kananu Mwenda, afisa wa kaunti aliyekuwa akisimamia masuala ya majanga. Mahakama ikasimamisha mahojiano yake. Mlango ambao ungefunguka kwa wiki chache mwaka 2018 sasa ulikuwa umejaa kufuli.

Tarehe 25 Februari 2020 Sonko alitia sahihi Ikulu mkataba wa kukabidhi serikali ya kitaifa majukumu ya afya, uchukuzi, ujenzi na huduma za umma, na mipango ya jiji. Baadaye aliukana mkataba huo, lakini wino ulikuwa umeshakauka. Mwezi Machi, Meja Jenerali Mohamed Badi akateuliwa kuongoza Shirika la Huduma za Jiji la Nairobi, NMS, lililoweka ofisi zake katika jumba la mikutano la KICC. Mapato yakawa yanakusanywa na Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA.

Hebu nisimame hapa kidogo, kwa sababu nasikia sauti ya mtu wa Kibra akisema NMS ilimletea lami, taa na zahanati. Ni kweli, kazi ilionekana. Swali langu liko kwingine. Mpiga kura wa Woodley, ambaye hakuwahi kumpigia kura mwanajeshi yeyote, angemfuta vipi kazi kama taka zingebaki barabarani? Akienda City Hall anaambiwa jambo hilo liko KICC. Akienda KICC anakutana na watu waliowekwa na Ikulu. Mwakilishi wake wa wadi alikaa katika bunge la kaunti ambayo kazi zake kubwa zilikuwa zimehama.

Na Woodley si mtaa wa kudharau swali la nani anaweka sahihi. Ulijengwa na halmashauri ya jiji zama za ukoloni, nyumba za kukodisha zenye ua mpana, mwenye nyumba akiwa ni City Hall. Miaka ya 1990 nyumba za umma katika mtaa huo zilinyakuliwa, zikasajiliwa kwa majina ya watu binafsi, na vita vya kuzirejesha vikageuka kesi za miaka na miaka. Kisha ikaja mipango ya kubomoa nyumba za zamani na kusimamisha maghorofa. Mpangaji wa nyumba ya kaunti anategemea sahihi ya mtu fulani katika jumba lile kila siku ya maisha yake: anayeongeza kodi, anayetoa notisi, anayekubali mkataba na mjenzi. Mtu huyo asipojulikana, wanyakuzi huwa wa kwanza kufurahi.

Wazee wa jiji walikuwa wameyaona haya. Mwaka 1983 serikali ililivunja baraza la madiwani na kuweka tume ya kuteuliwa, ikielezwa kwamba ni ya muda. Muda huo uliisha 1992. NMS, tukilinganisha, ilikuwa na haya: ilifungwa Septemba 2022.

Tunarudi kwa Sonko. Desemba 2020 Bunge la Kaunti lilimshtaki, na tarehe 17 Seneti ikaunga mkono aondolewe. Kinga ya kiti kitupu haikufua dafu. Spika Benson Mutura akakaimu, na tume ya uchaguzi ikatangaza uchaguzi mdogo wa tarehe 18 Februari 2021. Hadi hapo Katiba ilikuwa inafuatwa neno kwa neno, na mtu wa Woodley angepata walau nafasi ya kuchagua upya. Mahakama Kuu ikausimamisha uchaguzi huo. Kisha kesi iliyozuia jina la Kananu ikaondolewa, na tarehe 15 Januari 2021 akahojiwa, akaidhinishwa na kuapishwa kuwa naibu gavana, yote kwa siku moja. Naibu wa nani? Gavana aliyempendekeza alikuwa ameshatimuliwa karibu mwezi mzima. Mabishano yaliendelea kortini hadi tarehe 16 Novemba 2021, alipoapishwa kuwa gavana kamili wa Nairobi.

Simlaumu Kananu. Alipendekezwa, akahojiwa, akaapa. Lakini jina lake halikuwa kwenye tiketi yoyote ya ugavana mwaka 2017, wala hakushindana na mtu. Nairobi iliongozwa hadi Agosti 2022 na gavana ambaye hakuna mwananchi hata mmoja aliyempigia kura ya aina yoyote, kwa sababu mtu mmoja aliona ni salama zaidi kukaa bila naibu. Waswahili husema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na Sonko hatumwambii. Shida ni kwamba mwiba huu alijidunga yeye na wakaugua wakaazi zaidi ya milioni nne.

Kaunti nyingine zilipatwa na makubwa kuliko haya zikapita salama. Nyeri ilifiwa na magavana wawili katika mwaka mmoja, Nderitu Gachagua Februari 2017 na Wahome Gakuru Novemba mwaka huohuo. Samuel Wamathai akamrithi wa kwanza, Mutahi Kahiga akamrithi wa pili. Bomet ilimpoteza Joyce Laboso Julai 2019, Hillary Barchok akachukua nafasi yake. Kulikuwa na kilio, lakini hapakuwa na jenerali wala mkataba wa Ikulu. Walikuwepo watu wa nane, ambao wapiga kura wengi hawakuwa wamewatazama mara mbili siku ya kura.

Sheria ingali na udhaifu uleule. Gavana angali anaweza kumnyima naibu kazi mpaka achoke na kuondoka mwenyewe, na sijaona Bunge la Kaunti likimng'ang'ania gavana kuhusu jambo hilo kwa ukali linaoutumia kudai fedha za wadi. Kwa hiyo mzigo unarudi kwetu. Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Wagombea ugavana watapita Ngong Road, watasimamisha magari Adams Arcade, wataingia soko la Toi kushika mikono ya wauza mitumba. Atakayekuomba kura, mwambie akutajie naibu wake, na amlete ajieleze mwenyewe. Muulize atampa idara gani, na aitaje mbele ya watu. Akikwepa, jirani yangu, kura yako mpe mwingine.