Wakili wa haki haogopi kutoa hesabu



Mtume Paulo anatufundisha katika 1 Wakorintho 4:2 kwamba jambo linalotakiwa kwa wakili ni akutwe mwaminifu. Wakili anayesemwa hapa si yule anayetetea watu kwenye tribinali. Ni mtumishi aliyekabidhiwa mali ya bwana wake ili aitunze na kuitumia kwa mapenzi ya bwana wake. Tuangalie vizuri neno hili, kukutwa. Mtu hawezi kukutwa mwaminifu kama hakuna aliyekuja kumtazama. Uaminifu wa wakili unatazamwa, unapimwa, unaonekana.

Lakini katika makanisa yetu mengi swali hili linaleta ugumu. Mkristo akiuliza, "Sadaka ya mwezi uliopita imefanya kazi gani?", anaambiwa ana roho mbaya. Mtunza sanduku akiombwa daftari, anakasirika na kusema, "Kumbe mnaniona mwizi?" Basi tujiulize mbele ya Mungu: Je, mtu wa haki anahitaji kukaguliwa? Na anayeomba hesabu kwa mtumishi wa Mungu, amemkosea heshima?

Vyombo vitakatifu vilipimwa kwenye mizani

Tufungue kitabu cha Ezra, mlango wa 8. Ezra anatoka Babeli kwenda Yerusalemu na mali ya nyumba ya Mungu. Safari yao ilichukua miezi minne. Anachagua wakuu wa makuhani 12, na kabla ya kuwakabidhi mali anapima mbele yao: talanta 650 za fedha, vyombo vya fedha vya talanta 100, na dhahabu talanta 100. Halafu anawaambia kwamba wao ni watakatifu kwa Bwana, na vyombo vile ni vitakatifu pia. Walipofika Yerusalemu, siku ya nne, vyote vilipimwa tena, na uzito wote ukaandikwa.

Sisi tungesema: "Hawa ni makuhani, watu watakatifu, kwa nini kuwapimia?" Ezra alifikiri kinyume. Kwa sababu watu ni watakatifu na mali ni takatifu, ndiyo maana ilipimwa mara mbili. Utakatifu haukuwa sababu ya kuacha mizani. Ulikuwa sababu ya kuileta. Na wale makuhani 12 hawakununa. Walipokea kwa uzito na walirudisha kwa uzito, wakalala usingizi mzuri.

Paulo naye alifanya hivyo. Alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, wakristo wa Makedonia walitoa hata katika umaskini wao mkubwa. Paulo hakubeba mchango ule peke yake. Katika 2 Wakorintho 8:18-21 anaeleza kwamba ndugu mwingine alichaguliwa na makanisa kusafiri pamoja nao, ili mtu yeyote asipate neno la kuwalaumu. Anaongeza kwamba wanatafuta yaliyo mema mbele ya Bwana, na pia mbele ya watu. Hapo tunaona kwamba haki ina macho mawili yanayoitazama. Anayesema "Mungu peke yake ananijua" ameacha nusu ya maneno ya Mtume.

Maneno ya wale wanaokataa

Mtu atasema: "Lakini Bwana Yesu alifundisha kwamba mkono wa kushoto usijue unalofanya mkono wa kuume." Ni kweli, iko katika Matayo 6:3. Lakini neno hili limesemwa kwa anayetoa, halikusemwa kwa anayetunza. Mjane anayeweka kitu chake cha mwisho katika sanduku, huyo afiche mkono wake, na Baba aonaye sirini atamlipa. Anayeshika ufunguo wa sanduku lile hana ruhusa ya kufichama nyuma ya siri ya mjane.

Mwingine atasema: "Katika 2 Wafalme 12:15 imeandikwa kwamba wale waliosimamia mafundi wa hekalu hawakuombwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu." Hii pia ni kweli, na tusiiruke. Lakini tusome tangu juu. Wakati wa mfalme Yoashi makuhani walipokea fedha ya kutengeneza nyumba ya Bwana, na mpaka mwaka wa 23 wa mfalme mabomoko hayajatengenezwa. Biblia haisemi waliiba. Inasema tu kazi haikufanyika. Ndipo kuhani Yehoyada akatwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu. Fedha ilipokuwa nyingi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja wote wawili, wakaihesabu na kuifunga katika mifuko. Baada ya hapo ndipo wasimamizi wa mafundi walipewa bila kuulizwa. Kuaminiana kule kulizaliwa katika nyumba ambamo watu wawili walikwisha kuhesabu. Sisi tunataka tunda bila kupanda mti.

Wa tatu atasema: "Kwa desturi yetu, mtoto hamwombi mzee hesabu." Neno hili tuliheshimu, maana Mungu ameamuru kuheshimu wazee. Lakini dawa yake iko katika 1 Samweli 12. Samweli alikuwa mzee mwenye mvi. Hakungoja kijana amuulize. Yeye mwenyewe alisimama mbele ya Israeli yote na kuuliza: ni ng'ombe wa nani niliyemtwaa, ni nani niliyemdhulumu, ni rushwa ya nani niliyoipokea? Watu wakashuhudia kwamba hakuchukua kitu mkononi mwa mtu. Mzee akianza mwenyewe kutoa hesabu, kijana hatakuwa na sababu ya kukosa adabu. Ukimya wa mzee ndio unaomfanya kijana anung'unike nyuma ya nyumba.

Unyenyekevu unajulikana wapi?

Ndugu wapendwa, unyenyekevu wa midomo ni rahisi. Mtu anapiga magoti, anavua viatu, anasema "mimi ni mavumbi, mimi si kitu". Tunamsifu. Lakini jioni ukimwomba daftari, yale mavumbi yanakuwa moto. Basi unyenyekevu wake ulikuwa wapi?

Anayejua kwamba kitu si chake hakasiriki akiulizwa habari zake. Ukimwachia jirani mbuzi wako, na siku moja ukapita kumtazama mbuzi, jirani mwema atakuonyesha kamba na mahali anapolisha. Akikasirika, utajua kwamba moyoni mwake mbuzi amekwisha kubadili mwenyewe. Hasira ya wakili mbele ya hesabu ni alama ya namna hiyo. Hata kama hajachukua kitu, amekwisha kusahau kwamba yeye ni mtunzaji.

Tena uwakili si wa fedha tu. Karama ya kuombea wagonjwa ni mali ya Bwana pia. Katika 2 Wafalme 5, Naamani alipotakaswa ukoma, nabii Elisha alikataa zawadi yake, kwa kuwa uponyaji haukuwa wake. Gehazi mtumishi wake akamkimbilia Naamani njiani. Akasema nini? Hakusema "nipe mimi". Alisema wamekuja vijana wawili wa wana wa manabii, wapewe talanta ya fedha na mavazi mawili. Naamani akamsihi achukue talanta mbili, naye akazificha nyumbani. Aliomba kwa jina la wengine, akaweka kwake. Hata leo wako wanaokusanya kwa jina la yatima, kwa jina la wagonjwa, kwa jina la nabii mwenyewe, na yatima hawajaona hata sabuni. Ukoma wa Naamani ulimshika Gehazi. Tuogope.

Funzo la zaire

Nchi yetu imetupa funzo ambalo wazee hawatasahau. Mwisho wa mwaka 1992 ilitoka noti ya zaire 5,000,000, na wachuuzi wengi wakaikataa. Askari waliolipwa kwa noti ile wakaasi mjini Kinshasa mnamo Januari 1993. Mwezi Oktoba mwaka ule ule ikaletwa zaire mpya, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 ikaja falanga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Anayejua kuzidisha ataona kwamba falanga moja ilichukua mahali pa zaire za zamani miliari 300.

Sasa tuweke mfano. Tuseme katika miaka ile parokia imekusanya fedha ya kununua mabati 20. Mtunza sanduku ana mtoto aliyefukuzwa shuleni kwa kukosa minervali. Anachukua fedha ya mabati na kusema moyoni: "Nimekopa, nitarudisha." Baada ya miezi minne anarudisha kweli, zaire zile zile, mpaka ya mwisho. Daftari linasema sawa. Lakini kina papa wanapofika dukani, fedha ile inatosha mabati mawili. Je, amerudisha?

Amerudisha hesabu, hakurudisha mali. Mabati 18 yamepotea, na hakuna mtu anayeweza kumwita mwizi. Mvua inawanyeshea kina mama kanisani, na yeye anasema "sikula kitu cha Mungu". Kwa hiyo haki ni zaidi ya kutoiba. Sanduku la kanisa halikopeshi, hata kwa mtunza wake mwenye shida ya kweli. Akiwa na shida, ailete kwa wazee mchana, asaidiwe kama ndugu. Kanisa linaweza kumpa. Yeye hana haki ya kujipa. Na fedha iliyokusanywa kwa mabati inunuliwe mabati upesi, maana fedha iliyolala inaoza kama mihogo iliyosahauliwa katika maji.

Lakini hapa tuwageukie nasi tusiotunza sanduku. Mara nyingi tunamchukua mtu maskini, asiye na mshahara, mwenye watoto saba, tunampa ufunguo na sanduku, peke yake, ndani ya nyumba yake. Halafu tunasema "Mungu atamlinda". Tumemweka ndugu yetu katika jaribu ambalo sisi wenyewe tungeogopa. Na siku akipata bati moja juu ya nyumba yake kwa jasho lake, maneno yanaanza. Kama hakuna daftari, atajitetea kwa nini? Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tuongeze kwamba hata jina jema bila daftari hupotea. Hesabu ni ngao ya mtunza kuliko fimbo juu yake.

Fanfari na ukimya

Sisi tunajua kutoa. Siku ya nsinsani kila kikundi kinapita mbele kwa muziki wa fanfari, kina papa, kina mama, vijana, kila mmoja akishindana na wengine kwa furaha, na jumla inatangazwa wote wakisikia. Ni kwa sadaka na mikono ya waamini kwamba hekalu la Nkamba lilisimama na kuzinduliwa mwaka 1981. Baba na mama zetu walioteswa na kuhamishwa mbali kati ya mwaka 1921 na 1959 hawakutuachia mali nyingi, walituachia mkono ulio wazi.

Basi swali ni hili: kinachoingia kinatangazwa kwa fanfari, je, kinachotoka kinatangazwa kwa nini? Kama kinapita kimya, tumefanya nusu ya ibada. Mama aliyeuza sombe sokoni wiki nzima, akaleta falanga zake akicheza, anastahili kusikia kwamba zimekuwa misumari, zimekuwa dawa, zimekuwa chakula cha wafungwa. Akisikia hivyo, mwaka ujao atakuja tena akicheza.

Kwa hiyo, ndugu, tufanye mambo haya. Fedha ihesabiwe na watu wawili au watatu kabla haijatoka kanisani. Iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Mwenye sanduku asiwe mwenye ufunguo. Karatasi ya dukani itunzwe. Kila mwezi daftari lisomwe mbele ya wote, kuingia na kutoka. Na mchungaji awe wa kwanza kusomewa, kama Samweli.

Siku moja kila mmoja wetu ataitwa kama wakili yule wa Luka 16, aambiwe atoe hesabu ya uwakili wake. Siku ile hakutakuwa na nafasi ya kurudisha mabati. Heri anayezoea kutoa hesabu kidogo kidogo mbele ya ndugu zake, maana hatatetemeka atakapoitoa yote mbele ya Bwana.

Mungu Baba atupe mikono safi, na moyo usiokasirika ukiulizwa. Amina.