Ndege Apitaye ni wa Nani?

Kila mwaka, mwezi wa Septemba na Oktoba, kaskazi ikiwa bado haijashika, mbayuwayu hufika Tudor kutoka Ulaya na Asia. Hutua juu ya nyaya za umeme, na huwinda wadudu hewani juu ya mikoko ya hori. Machi na Aprili huondoka, kama zamani majahazi yalivyoondoka Mji wa Kale kurudi Arabuni msimu ulipogeuka. Uzito wa msafiri huyu ni kama gramu 20 tu.

Mvulana mwenye manati huuliza: "Ndege huyu hakuzaliwa hapa, wala hatagi hapa. Nikimwua, nimemdhulumu nani?"

Swali hili halistahili kupuuzwa. Wengi hulijibu kwa hoja ya faida: mbayuwayu hula wadudu watusumbuao. Ni kweli, lakini ni jibu dhaifu. Kwani mvulana atamwelekezea manati ndege asiye na faida, na mjibuji atakosa la kusema.

Mimi naona kosa limo katika kudhani kwamba dhuluma haiwi ila awepo mwenye mali wa kudai. Ndege apitaye si mali ya nchi yoyote. Ni amana ipitishwayo mkono kwa mkono, na amana ya namna hii ina shani yake: hakuna mkono mmoja uwezao kuihifadhi, lakini mkono mmoja hutosha kuipoteza. Jiwe la Tudor, au wavu utegwao pwani ya Misri, hubatilisha wema wa wote waliotangulia. Mgumu zaidi kumjibu ni mama akataye mkoko apate kuni, maana yeye hachezi. Lawama yake sharti mji mzima uibebe pamoja naye.

Yuko msafiri mwingine, mdogo kuliko mbayuwayu, rangi yake ya udongo, aitwaye kwa Kilatini Acrocephalus palustris. Hupita Ngulia, katika Tsavo, ambako tangu 1969 ndege wa safari hunaswa usiku wa ukungu, huvishwa pete mguuni, kisha huachiliwa. Mwaka 1979 mtaalamu Françoise Dowsett-Lemaire alieleza kwamba dume wa ndege huyu, akiimba Ubelgiji, huiga sauti za ndege wengine wengi, na zaidi ya nusu yao ni wa Afrika. Hivyo mtoto wa Ubelgiji, akisimama kando ya kijito, husikia ndege wa vichaka vyetu ambao hajapata kuwaona.