BUNDUKI KUUKUU: KISASI NI HAKI AU NI KIU?

Ama baad. Moyo wa mwanadamu hauna jambo linalouharakisha kudhani kuwa uko katika haki kama kisasi. Mwenye kudhulumiwa huona kila alitendalo ni halali kwake, na wenye kumtazama humsaidia kwa kumwonea huruma. Kwa hivyo yafaa mas'ala haya yatazamwe kwa mizani, si kwa machozi peke yake.

Mfano wake umo katika sinema ya Kifaransa ya mwaka 1975, jina lake Le Vieux Fusil, maana yake Bunduki Kuukuu, aliyoitengeneza Robert Enrico. Habari yake ni ya mwaka 1944, Wajerumani walipokuwa wameishika Ufaransa. Julien Dandieu, tabibu mpasuaji katika mji wa Montauban, alichelea vita visije vikawafikia mkewe Clara na binti yake, akamwomba rafiki yake awapeleke kijijini, kwenye ngome yake ya zamani, wapate salama. Alipokwenda kuwatazama aliwakuta watu wa kijiji wameuawa, maiti zao zimo kanisani. Binti yake amepigwa risasi, na mkewe ameteketezwa kwa bomba la kurushia moto. Askari wa SS waliofanya hayo walikuwa wangali ngomeni. Tabibu hakwenda kutafuta msaada. Alitwaa bunduki kuukuu ya kuwindia, na kwa kuwa aliijua ngome ile na njia zake za siri, akawaua mmoja baada ya mmoja; na mkubwa wao akamuunguza kwa moto wa bomba lile lile.

Watazamaji wamekhitilafiana juu yake kwa kauli tatu. Wa kwanza husema: amefanya haki, na nani angekuwa mahali pake asifanye hivyo? Hao ni wengi, na sinema hiyo ilipendwa mno Ufaransa. Mwaka 1976, zilipotolewa tuzo za César kwa mara ya kwanza, ilipewa tuzo ya sinema bora, na Philippe Noiret, aliyekuwa tabibu, akapewa ya mchezaji bora. Wa pili husema: sinema hii huyafanya mauaji kuwa matamu, hata mtazamaji akawa angojea kifo kinachofuata kama mtoto angojavyo halua. Wa tatu husema: hapana suala hapa, wale walikuwa askari wa adui wenye silaha, na vita ni vita.

Kauli ya tatu ina ukweli, lakini haitoshi. Kumuua askari aliyeingia nchi ya watu kwa nguvu, naye ana silaha mkononi, ni jambo la vita, wala mtu hahesabiwi muuaji kwa hilo. Lakini tabibu hakuwa akiitetea nchi. Alikuwa akimlilia mkewe kwa risasi. Kitendo kimoja hubadilika hukumu yake kwa nia iliyomo ndani, na nia ya mtu huyu ilikuwa kisasi. Basi na apimwe kwa mizani ya kisasi.

Wenye kauli ya kwanza wametaja haki, nao hawakukosea kwamba haki ipo. Katika fiqhi, walii wa aliyeuawa kwa dhulma ana hiari: adai kisasi, au apokee diya, au asamehe. Lakini haki hiyo ina mipaka. Sharti ithibitike ni nani aliyeua. Sharti mwenye hukumu atoe idhini. Na sharti asipindukie kumwendea asiyehusika. Maulamaa wa Kishafi wamesema kwamba walii akimuua muuaji bila ya idhini ya mtawala, amekwisha kupata kilicho chake, na juu ya hivyo hutiwa adabu. Tazama uadilifu wa kauli hiyo: haki haikukanushwa, na mkono uliofanya pupa haukusifiwa.

Ama ule moto wa mwisho, kwa Imamu Shafi'i muuaji aweza kuuawa kwa namna ile ile aliyoulia, na kwa Imamu Abu Hanifa hauawi ila kwa upanga. Mtu aweza kusema basi kwamba tabibu alikuwa na njia kwa kauli ya Shafi'i. Lakini kauli hiyo ni ya baada ya kuthibiti. Tabibu hakuwapo walipouawa watu wake. Alijua kikosi, hakujua mkono. Kati ya aliyetoa amri, aliyerusha moto na aliyekuwa mlangoni hakupambanua, maana hasira haina subira ya kuuliza.

Wenye kauli ya pili wameona hatari ya kweli, nayo imo moyoni mwa mtazamaji. Lakini wameusahau mwisho. Mauaji yakiisha, rafiki yake anakuja kumchukua, na tabibu anazungumza naye kana kwamba Clara yu hai. Kisha analia. Wote aliotaka kuwaua amekwisha waua, na nyumba yake ni tupu kama ilivyokuwa. Atokaye hapo akifurahi, moyo wake ulikwisha toka kabla ya mwisho, ingawa mwili ulikuwa ungali umeketi.

Husalia swali lililo zito kuliko yote: je, hakimu asipohukumu? Jawabu lake limo katika mji wa Oradour-sur-Glane, ambao msiba wake unafanana na ule wa sinema. Tarehe 10 Juni 1944 askari wa SS waliua huko watu zaidi ya 640: wanaume walipigwa risasi mabandani, wanawake na watoto wakaangamizwa kanisani kwa moto. Mwaka 1953 watu 21 walishitakiwa Bordeaux. 14 kati yao ni wa Alsace, walio wengi wakiwa wametiwa jeshini kwa nguvu. Walihukumiwa, na siku chache baadaye Bunge la Ufaransa likapitisha sheria ya kuwasamehe wale waliolazimishwa.

Basi mawalii wa Oradour waliyajua majina, na msamaha ulitolewa na wasiokuwa wenye damu. Hawakushika bunduki kwenda Alsace. Walirudisha nishani walizopewa na serikali, wakawakataa wajumbe wake katika kumbukumbu zao kwa miaka mingi, wakayaandika penye mlango wa mji majina ya wabunge waliokubali msamaha ule, na magofu yakaachwa kama moto ulivyoyaacha. Huko si kusamehe wala si kusahau. Ni hasira iliyojua mpaka wake.

Na Waislamu wanao mfano ulio karibu zaidi. Wahshi alimuua Hamza, ami yake Mtume, katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra. Baada ya kufunguliwa Makka alikuja akasilimu, wala hakuuawa. Lakini Mtume alimtaka asimwonyeshe uso wake. Damu iliachwa, na uchungu haukukanushwa.

Basi mwenye kuitazama Bunduki Kuukuu asijiulize tu kama tabibu alikuwa na haki. Na ajiulize pia: yeye mwenyewe, kila alipoanguka askari, alifurahi kwa kuwa haki imesimama, au kwa kuwa kiu imepozwa? Haki hutosheka ipatapo kipimo chake; kiu ya damu kila inywapo huzidi. Wallahu a'lam.